Njia Ipi Itangulie? Historia ya Dhana Moja, kutoka Misafara ya Ukaguru hadi Vipanga Njia vya Mtandao

Miongoni mwa barua tuletewazo na wafasiri na walimu, imo moja iliyotoka Berega, katika Wilaya ya Kilosa, ambayo imetushughulisha kwa muda mrefu kuliko nyingi. Mwandishi wake ni mwalimu aliyeombwa kufasiri kwa Kiswahili mwongozo mfupi wa kutunza mitambo ya mtandao, ili usomwe na watumishi wa ofisi ambao si mafundi lakini ndio wanaotia sahihi hati za malipo. Katika kazi hiyo alifika mahali penye istilahi ya Kiingereza ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, hutoa “umbali wa kiutawala”. Kwa kuwa hakupata msaada katika kamusi yoyote aliyokuwa nayo, akaiandika hivyo hivyo, akaendelea.

Ofisi moja iliyoupokea mwongozo huo, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilikuwa na njia mbili za kuunganishwa na mtandao. Ya kwanza ilipita katika mkongo, na hiyo ndiyo iliyokusudiwa kutumika kila siku. Ya pili ilikuwa ya setilaiti, ambayo hulipiwa kwa kadiri ya matumizi, na ilinunuliwa ili iwe akiba siku mkongo utakapokatika. Mwongozo ulisema: “Ongeza umbali wa kiutawala wa njia ya setilaiti uwe 200.” Karani wa manunuzi aliposoma akauliza umbali huo unapimwa kutoka makao makuu ya wilaya au ya mkoa. Fundi, kijana mgeni kazini, yeye alielewa kwamba 200 ni namba kubwa, na kwamba kikubwa hutangulia kidogo. Basi, kwa kutaka setilaiti ibaki nyuma, akaiachia namba ndogo iliyokuwa nayo. Kumbe katika mitambo ile namba ndogo ndiyo itanguliayo. Kwa majuma kadhaa barua na hesabu zote za ofisi zilipanda angani na kushuka, ilhali mkongo uko mzima na haupitishi kitu. Jambo hilo halikujulikana mpaka ilipofika hati ya malipo.

Mwalimu alituuliza swali moja tu: kosa lilikuwa lake au la fundi? Tulipolichunguza swali hilo tuliona kwamba kosa lilikuwa la istilahi, na kwamba istilahi hiyo hata katika lugha ilikozaliwa haielezi vizuri kitu inachokitaja. Lakini tuliona pia kwamba dhana yenyewe si ngeni hata kidogo, hasa kwa watu wa Berega na Mamboya, ambao mababu zao waliishi kando ya njia kuu za misafara. Ndiyo maana tumeonelea kuanza na historia kabla ya kupendekeza neno.

Katika karne ya 19 hapakuwa na njia moja kutoka pwani kwenda bara. Burton na Speke, mwaka 1857, walipita kusini, kwa Zungomero. Stanley, mwaka 1871, alitoka Bagamoyo akapita mji wa Simbamwene, ulipo Morogoro ya leo, kisha akaukabili uwanda wa Mkata wakati wa masika, ambapo nchi nzima huwa dimbwi. Msafara wake ulitaabika vibaya mno mpaka ulipofika Rehenneko na kuingia bonde la Mkondoa. Njia ya tatu ilikuwa ya kaskazini: ilianzia Saadani, ikapita Nguu, ikapanda milima ya Ukaguru karibu na Mamboya, ikashuka Mpwapwa. Njia hizi zote zilikutana karibu na mpaka wa Ugogo, kabla ya nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali.

Kirangozi, yaani yule kiongozi aliyetangulia mbele ya wapagazi, alikuwa na maswali mawili kabla ya kuondoka pwani, na maswali hayo hayafanani. La kwanza lilihusu njia yenyewe: ina kambi ngapi, maji yako wapi, na hongo italipwa mara ngapi. (Msomaji akumbuke kwamba hongo wakati huo ilikuwa ni ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtu, uliolipwa hadharani kwa nguo na shanga, na watemi wa Ugogo walijulikana sana kwa kuudai. Neno hilo limeporomoka cheo tangu hapo, wala si kwa kosa la Wagogo.) Swali la pili lilihusu habari: nani aliyesema? Je, ni mtu aliyerudi jana kutoka huko, akiwa na tope miguuni? Au ni mfanyabiashara aliyesikia kwa mwingine? Au ni ramani iliyochorwa miaka kumi iliyopita na mtu aliyepita kiangazi? Njia ya kambi ishirini iliyosimuliwa na mtu wa kuaminika ilikuwa bora kuliko njia ya kambi kumi na tano iliyosimuliwa na asiyejulikana.

Tofauti baina ya maswali hayo mawili iligharimu sana mwaka 1877. Mwaka uliotangulia, Roger Price wa London Missionary Society alikwenda na ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa ili kuona kama magari ya kukokotwa na ng'ombe yangeweza kuchukua mahali pa wapagazi, kama ilivyokuwa Afrika ya Kusini. Safari yake ikafanikiwa, naye akatoa taarifa njema. Taarifa hiyo ikaaminiwa kupita habari za wenyeji waliowajua mbung'o wa njia ile. Msafara mkubwa wa magari ukapangwa kwa kuitegemea, na ng'ombe wake karibu wote wakafa njiani. Price hakudanganya; aliyoyaona aliyaona. Kosa lilikuwa kuipa habari ya safari moja nafasi ya mbele kuliko ujuzi wa miaka. Mwaka huo huo wa 1877, Alexander Mackay wa Church Missionary Society alifyeka barabara ya maili 230 hivi kutoka Saadani hadi Mpwapwa, baada ya yeye na wenzake kuujaribu mto Wami kwa mashua ya mvuke mwaka 1876 na kuona haufai. Mwaka 1879 wakaletwa hata tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakashushwa Msasani na kupelekwa Mpwapwa. Kila mmoja alikuwa na njia yake na taarifa yake.

Mamboya hiyo hiyo, msomaji, inatuhusu sisi wa istilahi kwa namna nyingine. Mmisionari J. T. Last, aliyekaa huko tangu karibu mwaka 1880, alikusanya maneno ya lugha nyingi za Afrika ya Mashariki katika kitabu chake cha 1885, na mwaka 1886 akatoa sarufi ya Kikaguru. Alifanya kazi hiyo njiani kwa maana halisi, maana wapagazi wa kila kabila walipita mlangoni pake. Na katika nchi hizo hizo za Usagara, mwishoni mwa 1884, Karl Peters alijipatia mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani na kuelezwa kwa wenye nchi kwa vinywa vya wakalimani. Neno lililofasiriwa vibaya, ama kwa makusudi, liliwahi kuwa na gharama kubwa zaidi kuliko hati ya malipo ya setilaiti.

Reli ilipokuja ilibadili kila kitu. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wajenzi walilichagua bonde la Mkondoa, kwa Kilosa na Gulwe, wakaiacha Mamboya upande wa kaskazini na hata Mpwapwa kando. Vituo vilivyokuwa katikati ya njia vikajikuta pembeni. Baadaye barabara kuu ya kwenda Dodoma, ipitayo Dumila na Gairo, iliirudisha safari karibu na Ukaguru, hivyo leo watu wa Berega wana barabara upande wao na watu wa Kilosa wana reli.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kipanga njia cha mtandao kina maswali yale yale mawili ya kirangozi.

Kipanga njia ni mtambo unaopokea vifurushi vya taarifa na kuamua kila kimoja kipitie wapi. (Wengine hukiita “ruta”, na katika simu zetu limeenea neno “kisambazadata”. Sisi tunalipendelea “kipanga njia” kwa makala haya, kwa kuwa kusambaza si kazi yake hasa. Kazi yake ni kuchagua.) Ndani yake mna jedwali la njia. Njia hizo hupatikana kwa namna mbalimbali. Nyingine ni za viungo vyake mwenyewe, yaani nyaya zilizochomekwa ndani yake. Nyingine huandikwa kwa mkono na fundi, nazo hukaa kama zilivyoandikwa. Hizo twaziita njia tuli. Nyingine huletwa na itifaki, yaani kanuni za mazungumzo ambazo kwazo vipanga njia hupeana habari vyenyewe bila mtu kushika kitu, na hizo ni njia badilifu.

Itifaki hizo ni nyingi na hazikuzaliwa pamoja. Iitwayo RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988 ingawa ilitumika kabla ya hapo, huhesabu vipanga njia vilivyo katikati kama vile msafiri ahesabuvyo kambi. Kambi 15 ndio mwisho wake, na ya 16 maana yake ni kwamba hapafikiki. OSPF, iliyotolewa kwanza mwaka 1989, haihesabu kambi bali gharama ya kila kiungo, nayo gharama hiyo aghalabu hufuata upana wa kiungo: chembamba ghali, kipana rahisi. Msingi wa hesabu yake ni kanuni ya Mholanzi Edsger Dijkstra iliyochapishwa 1959. BGP, ambayo pia ilitolewa 1989, ndiyo inayounganisha mitandao ya wenyewe mbalimbali, yaani kampuni na kampuni, nchi na nchi. Hiyo huangalia zaidi habari imepita katika mitandao ya nani.

Hapo ndipo panapozuka tatizo. Kipanga njia kikiambiwa na RIP kwamba mahali fulani pako kambi 3, na kikiambiwa na OSPF kwamba mahali hapo hapo gharama yake ni 64, kitachagua ipi? Kambi 3 na gharama 64 hazilinganishwi, kama vile siku za safari zisivyolinganishwa na mikono ya nguo ya hongo. Kipimo cha njia kinafaa ndani ya itifaki moja tu. Kwa hiyo watengenezaji wa mitambo waliongeza namba nyingine, isiyopima njia hata kidogo, bali inayompanga msemaji: chanzo kipi cha habari kisikilizwe kwanza. Katika mitambo ya Cisco, kiungo cha mtambo wenyewe kina 0, njia tuli 1, BGP iletayo habari kutoka mtandao wa nje 20, OSPF 110, RIP 120, na BGP ya ndani 200. Chenye namba 255 hakisadikiwi kabisa. Katika mitambo ya Juniper njia tuli ina 5, OSPF ya ndani 10, RIP 100 na BGP 170. Katika zote mbili namba ndogo ndiyo itanguliayo, lakini namba zenyewe hazihamishiki kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Zilipangwa na watu, kwa busara yao, na mwenye mtambo anaruhusiwa kuzibadili.

Mfasiri azingatie mambo matatu hapa, kwa kuwa tumeyaona yakichanganywa katika hati kadhaa. Namba hii hutumika pale tu ambapo vyanzo viwili vinataja mwisho ule ule wa safari. Kimoja kikisema “wilaya yote” na kingine kikisema “kijiji hiki”, kinachotaja mahali kwa udogo zaidi hufuatwa kwanza, bila kujali namba ya chanzo. Pili, namba hii ni siri ya kila mtambo: haipelekwi kwa jirani. Tatu, nayo yafuata kutokana na la pili, mafundi wanapohamisha habari kutoka itifaki moja kwenda nyingine katika mahali pawili, habari huweza kuzunguka na kumrudia aliyeitoa. Chukua vipanga njia viwili vilivyo mpakani, kimoja upande wa Mamboya na kingine upande wa Kilosa, kila kimoja kikizungumza RIP huku na OSPF kule. Cha Mamboya kinaisikia njia fulani kwa RIP, kinaisimulia kwa OSPF. Cha Kilosa, ambacho nacho kiliisikia kwa RIP moja kwa moja, sasa kinaisikia tena kwa OSPF. Na kwa kuwa 110 hutangulia 120, kinaiacha habari ya asili na kuishika ile iliyozunguka. Kisha nacho huisimulia kwa RIP kama habari mpya. Vifurushi vikizunguka hivyo huenda visifike kamwe. Dawa yake ni kurekebisha namba: njia zilizoingizwa katika OSPF kutoka nje zirudishwe nyuma, mathalani hadi 130, ili ile ya RIP ya asili ishinde. Hiyo ndiyo kazi hasa ambayo mwongozo wa mwalimu wetu ulikuwa ukiieleza.

Nchi zetu zimejifunza kwa gharama maana ya njia kuchaguliwa vibaya. Kabla ya vituo vya kubadilishana taarifa kuanzishwa, barua kutoka kampuni moja ya mtandao kwenda nyingine katika mji ule ule iliweza kupanda setilaiti, kwenda Ulaya au Marekani, na kurudi. Nairobi ilifungua kituo chake Novemba 2000, kikafungwa kwa amri majuma mawili hivi baadaye kufuatia malamiko ya kampuni ya simu ya taifa, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Dar es Salaam ilipata chake mwaka 2004. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Julai 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Hapo setilaiti, iliyokuwa njia kuu, ikashushwa kuwa akiba kila mahali. Na akiba hiyo ndiyo iliyohitaji namba iliyorudishwa nyuma.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu baharini upande wa kusini, na mawasiliano ya Tanzania na ya majirani zake yakaathirika vibaya. Watu wa Kilosa hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria za reli ya kati zikasimama kwa miezi kadhaa. Januari 2014 mafuriko yalilikata daraja la Dumila, na barabara ya Dodoma ikafungwa. Mito iliyofanya hayo yote humwaga maji yake katika Wami. Mwenye njia mbili zinazopita bonde moja hana budi kujiuliza kama kweli anazo mbili.

Sasa tugeukie neno. “Umbali wa kiutawala” tunalikataa kwa sababu mbili. Hakuna umbali unaopimwa; na “utawala” katika masikio ya msomaji wa Kitanzania ni serikali, wilaya na ofisi ya utumishi. Karani aliyeuliza kuhusu makao makuu alisoma Kiswahili sawasawa kabisa.

Wengi wametupendekezea “upendeleo wa njia”. Neno hili lina faida ya kuwa fupi na linafuata istilahi ya watengenezaji wengine. Hata hivyo, katika lugha ya ofisi zetu upendeleo ni jina la kosa. Mtu hupewa kazi kwa upendeleo, zabuni hutolewa kwa upendeleo. Kumwandikia mtumishi wa serikali “rekebisha upendeleo” ni kumwandikia barua ya onyo. Zaidi ya hayo, linalopangwa si njia, ni chanzo cha habari zake, na neno “wa njia” linalificha jambo hilo ambalo ndilo kiini.

Sisi wenyewe kwa muda tulilipenda “daraja la chanzo”. Mwalimu yeyote anajua kwamba daraja la kwanza liko juu ya daraja la nne, yaani namba ndogo ndiyo bora, na hilo lingemwokoa yule fundi. Lakini katika mitandao “daraja” limekwisha kushikwa na chombo kingine kinachounganisha sehemu mbili za mtandao, nacho kimeliteka kwa haki, kwa maana ni daraja kweli. Kuwa na daraja lenye daraja ni kumtafutia mfasiri matata. “Ngazi” haifai, maana ngazi za mishahara hupanda kwa namba. “Nafasi ya chanzo” ilitetewa na mmoja wetu kwa mfano wa nafasi za wanafunzi darasani, lakini nafasi nayo ina maana nyingi mno, nyingine za kuachwa wazi.

Tumelifikia “kipaumbele cha chanzo”. Neno kipaumbele limeundwa na kupa na umbele. Maana ya kutangulia imo ndani yake. Watumishi wa serikali wamelizoea katika mipango ya maendeleo, ambamo kipaumbele cha kwanza hutangulia cha pili, na kwa hiyo namba ndogo haimshangazi mtu. Lina kasoro moja nasi hatuifichi: “ongeza kipaumbele” humaanisha kukipandisha kitu, ilhali katika mtambo kuongeza namba ni kukishusha. Kwa sababu hiyo tunashauri wafasiri waepuke kabisa vitenzi “ongeza” na “punguza” mahali hapa, watumie “tanguliza” na “rudisha nyuma”, na namba ifuate baadaye.

Iko namba nyingine, ndani ya BGP, ambayo kwa Kiingereza nayo huitwa kwa neno la kupendelea, na wafasiri wawili tunaowafahamu waliipa jina moja na hii. Hilo ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa katika hiyo namba kubwa ndiyo ishindayo, na kawaida yake huanzia 100. Kwa hiyo tunapendekeza “alama ya uteuzi”. Alama 90 hushinda alama 20 katika kila shule ya nchi hii, na hakuna atakayegeuza. Njia tuli inayowekwa nyuma ya zote ili ingoje dharura tunaiita “njia tuli ya akiba”, na kile kinacholinganishwa ndani ya itifaki moja, kiwe kambi au gharama, tunakiita “kipimo cha njia”.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusiache mafundi waseme wapendavyo. Mafundi kwa mafundi wataelewana hata kwa namba tupu. Baraza hili liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu 1974 vijitabu vya Tafsiri Sanifu vimekuwa vikitolewa, si kwa ajili ya mafundi peke yao. Ni kwa ajili ya yule karani anayetia sahihi, na mwalimu anayefundisha watoto watakaokuwa makarani. Tunakiri pia kwamba hatushindi daima. Watu walipewa “ngamizi”, wakapewa “tarakilishi”, ambalo Kenya limekita mizizi. Huku kwetu walichagua “kompyuta” na wakaendelea na kazi. Istilahi hizi nazo zitapimwa na watu hao hao.

Tumemjibu mwalimu wa Berega, tukamwandikia sentensi yake upya: “Irudishe nyuma njia tuli ya setilaiti kwa kuipa kipaumbele cha chanzo namba 200, ili njia ya mkongo, yenye namba 110, itangulie siku zote inapokuwapo, mkongo ukikatika, njia ya setilaiti itashika mahali pake yenyewe, na mkongo ukirudi, itaachia.” Ni ndefu kuliko ya Kiingereza karibu mara tatu. Alitujibu kwamba aliisoma mbele ya karani na fundi kwa pamoja, na kila mmoja akaeleza kwa maneno yake nini kitatokea, na maelezo yao yakalingana. Alituuliza pia jambo ambalo hatujalipatia jibu: kile kitendo cha kuhamisha njia kutoka itifaki moja kwenda nyingine kiitweje. Kwetu yamefika maneno mawili, “kupokezana” na “kuhawilisha”. La kwanza linaeleweka na wote lakini linadokeza kwamba kila upande hutoa na kupokea, jambo ambalo si lazima liwe hivyo. La pili ni sahihi zaidi lakini fundi wa Kilosa hajalisikia. Wasomaji wenye la tatu watuletee kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi.